Nilimfukuza binamu yangu Birmingham kwa ajili ya firigisi ya kuku wa Kichina

Wakuu, salaam zenu. Waliokula chumvi nyingi kuliko mimi shikamooni, kama bado mpo humu, maana naona wengi ni rika la wajukuu zangu.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye tablet ya mjukuu, mnivumilie. Hii si chai ya kutunga, ni kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasikiliza nikisoma kwa sauti, nikiongeza chochote atanisuta.

Ni katikati ya miaka ya sabini. Mimi mtu wa Muheza, nafanya kazi kiwanda cha vyuma Birmingham, Uingereza. Tulipanga mtaa wa Sparkbrook, vyumba viwili vya juu na jiko dogo. Mke wangu Zainabu alikuwa na mwaka mmoja tangu anifuate, na mtoto bado.

Kiwandani sikuwa mtu. Foreman alikuwa ananiita kwa mluzi, jina langu hakuwahi kulijua.

Lakini nikifika nyumbani nilikuwa mwenye nyumba. Jumapili akipikwa kuku, firigisi inakaa juu ya wali wangu. Hakuna aliyemwambia Zainabu, ndivyo alivyolelewa. Firigisi ya baba, shingo na mgongo vya mama. Mnaweza kucheka, ila kwa wiki nzima hicho ndicho kitu pekee kilichonikumbusha kwamba mimi ni mwanaume wa nyumba fulani.

Basi akaja Salum.

Salum ni mtoto wa mjomba wangu. Mrefu, mcheshi, nywele afro imechanwa ikachanika. Nikampa pa kulala chumba cha mbele. Akapata kazi kwenye takeaway ya Wachina, kuosha vyombo na kumenya vitunguu.

Akirudi, koti lake linanukia siki na sukari. Zainabu akilipokea kulitundika, anavuta pumzi kwanza.

Nililiona hilo, wakuu. Mke wangu ananusa koti la mwanaume mwingine. Najua alikuwa ananusa kuku, ila koti ni la Salum.

Chakula chenyewe hatukuweza kula. Kuku wa pale hakuchinjwa kihalali, na mafuta yao ni ya nguruwe. Siku moja Zainabu akamwambia, "Shemeji, si unawaona wanavyopika? Nifundishe tupike hapa, na kuku wetu."

Salum akasema, "Shemeji, kazi ndogo hiyo. Niletee kuku tu." Mleta kuku ni nani? Mimi.

Kwa wanaotaka recipe, ni hivi. Nyama inatolewa mfupani, inakatwa vipande vidogo, ukubwa wa nusu kiberiti. Inachanganywa na chumvi, soy sauce kidogo, yai, kisha cornflour mpaka ishike. Unakaanga, unatoa ipumzike, unakaanga tena mafuta yakiwa moto zaidi. Hapo kwenye kukaanga mara ya pili ndipo siri ilipo. Sosi ni siki, sukari, tomato sauce na nanasi la kopo pamoja na maji yake. Unaifanya nzito kwa cornflour iliyokorogwa na maji, unarusha kuku ndani ya karai, unapakua hapo hapo.

Alikuwa mtamu. Nasema hivyo na bado inaniuma.

Kilichoniumiza zaidi ni kicheko. Mimi nimekaa chumba cha mbele na gazeti, wao jikoni wanacheka mpaka vifuniko vinaanguka. Na ningesema nini? Shemeji na shemeji wana utani wao, kila mtu anajua. Ukilalamika unaonekana mshamba mwenye wivu.

Nilikuwa mshamba mwenye wivu.

Jumapili ile ya kwanza, firigisi haikuja kwenye sahani yangu. Nikasema labda wamesahau, kuku mwenyewe kakatwakatwa hata hujui kipande gani kimetoka wapi.

Jumapili ya pili, hakuna.

Ya tatu nikaenda kama kawaida kwa Mpakistani wa bucha pale Ladypool Road. Nikasimama nikamwangalia mpaka akaifunga firigisi kwenye karatasi, akaitia ndani ya kuku. Nikabeba, nikamkabidhi Zainabu mkononi. Chakula kikaja. Nikachambua wali wangu kwa kijiko, nikachungulia sahani ya Salum, nikachungulia ya Zainabu. Hakuna.

Kwa hiyo inaliwa huko huko jikoni.

Kuuliza sikuweza. Mwanaume mzima unaanzaje kuulizia firigisi? Nikabaki nayo kifuani wiki nzima. Kiwandani nawaza firigisi, kwenye basi nawaza firigisi. Nikawa naona kabisa Zainabu akimlisha Salum kwa mkono wake. Heshima yangu imehamia kwa kijana anayelala kwenye kochi langu!

Jumapili ya nne nikaaga naenda kununua gazeti. Nikashuka ngazi kwa kishindo, nikapanda tena nimeshika viatu mkononi.

Nikasukuma mlango. Zainabu amenipa mgongo, yuko kwenye sinki. Salum ameshika kisosi, na juu yake firigisi yangu, imekatwa vipande vinne, imekaangwa imekauka vizuri.

"Kumbe ni wewe!" nikapiga kelele. "Nakulaza kwangu, nakulisha, halafu unakula firigisi yangu na kuchekacheka na mke wangu?"

Salum akasema, "Kaka, si hivyo..." Akamwangalia Zainabu. Zainabu hakugeuka. Salum akafunga mdomo, akaweka kisosi mezani.

Nikamwambia atoke. Akakusanya nguo zake kwenye begi, akasema, "Samahani, kaka," akashuka. Karai alilolileta mwenyewe la kukaangia akaliacha jikoni, sosi bado inachemka.

Mlango wa chini ulipofungwa ndipo Zainabu akageuka.

"Ni mimi," akasema. "Tangu Jumapili ya kwanza ninakula mimi. Yeye alikuwa ananikaangia tu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Tangu utoto naipasua, naiosha, naipika, naiweka kwenye sahani ya baba, ya kaka zangu, halafu yako. Sijawahi kuionja. Nilitaka kujua ina ladha gani. Nilipoijua, nikashindwa kuacha."

"Na mbona umenyamaza nikimfukuza mwenzako?"

"Niliogopa utanifukuza mimi. Huku ningekwenda kwa nani?"

"Sasa si ungeniomba tu?"

Akaniangalia. "Ningekuomba, ungenipa?"

Wakuu, nikaenda kuzima jiko. Jibu tulikuwa tunalijua wote wawili.

Kesho yake nikaenda kule takeaway. Salum alishaacha kazi. Ilipita miaka mingi ndipo nikapata namba yake, yuko Mombasa, ana wajukuu. Nikaomba radhi nikiwa nimesimama, kama vile ananiona. Akacheka kile kicheko chake, akauliza, "Kaka, siku hizi firigisi anakula nani?"

Nikamwambia, "Shemeji yako."

Akasema, "Haya. Msalimie." Zainabu alikuwa pembeni, analia.

Nilichojifunza: yule niliyemwonea wivu hakuwa na changu chochote. Na niliyekuwa namlinda nilikuwa namnyima mimi mwenyewe. Vijana mlioko ndoani, angalieni nani kwenu anapika kitu ambacho hajawahi kukionja. Semeni hapo chini, kwenu firigisi anakula nani, na nani aliamua?

Mimi niwaache, leo Jumapili. Siku hizi kuku wa Kichina napika mimi, kwenye karai lile lile la Salum. Firigisi naikata vipande vinne, naikaanga mara mbili, nampelekea Zainabu kwenye kisosi. Anatafuna taratibu, ananitazama. Mate yananitoka na wivu unanishika upya, uzee wote huu.

Miaka yote hiyo hajawahi kunibakizia hata kipande kimoja. Na mimi kumuomba naogopa.