Bafu Kubwa Kuliko Chumba: Bi Maisara na Arobaini Anayoitamani

Saa moja asubuhi, uani kwenye nyumba moja ya Jang'ombe, Bi Maisara Hija anachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji yanayofuka mvuke. Anakikamua kwa mikono mitupu, anakitikisa kidogo, kisha anakibandika kiunoni mwa msichana aliyejifungua juzi. Msichana anaruka na kumwita mama yake.

“Tulia, mwanangu. Ukiukimbia moto leo, kiuno kitakudai utu uzimani,” anamwambia, na mkono wake haulegei hata chembe.

Mama wa msichana amesimama mlangoni na taulo begani. Bi Maisara anamtazama mama yule, kisha anarudisha macho kwenye ndoo. Baadaye, njiani, ndipo anaposema kilichompita moyoni.

“Nlimuonea wivu, Mungu anisamehe. Kila nyumba nnayoingia namkuta mama na mwanawe. Mie nakanda, nafunga mkoba wangu, nakwenda zangu.”

Bi Maisara, mjane wa miaka hamsini na minne, ni mkandaji. Huwakanda na kuwachua kwa maji ya moto wanawake waliojifungua, kila siku, mpaka watimize arobaini yao. Kazi haina bei ya kudumu. Mwenye nacho hutoa bahasha, asiye nacho hutoa mchele na dua, naye hupokea vyote kwa uso mmoja. Ukipita naye Kikwajuni, jihesabu umechelewa uendako, kwa kuwa kila baraza ina mwanamke wa kumsimamisha amwoneshe jinsi mtoto alivyokua.

Lakini yupo mmoja ambaye angempa mikono yake yote miwili, na huyo ndiye ambaye Bi Maisara hana hakika kama atampata. Ni Zuleikha, mwanawe wa pekee, aliyeolewa Tumbatu na sasa ana mimba ya miezi minane. Ni mimba ya kwanza, na kwa desturi mimba ya kwanza humrudisha binti kwa mama yake. Upande wa mume umesita. Wanasema, kwa adabu zote, kwamba Chukwani, anakoishi Bi Maisara, hakuna nyumba, kuna kijumba.

Uongo hawajasema.

Kijumba cha Bi Maisara kimesimama kwenye pembe ya kiwanja alichopewa na kaka yake. Ukiingia kwa haraka unaweza kutokea upande wa pili. Kuna chumba kimoja chenye kitanda kimoja, masanduku chini ya kitanda, rafu mpaka darini, na meza inayokunjwa ukutani kama hakuna anayekula. Jiko liko nje, chini ya bati. Paa ni la chini mno, na mtu mrefu akisimama nje anaweza kuweka kikombe chake juu yake.

Hakuzoea hivyo. Yeye na marehemu mumewe, Yussuf, walipanga ghorofa ya juu ya jumba moja Mji Mkongwe, lenye vyumba ambavyo vingine hawakuwa na cha kuweka humo. Zuleikha alizaliwa humo. Mama yake Bi Maisara alihamia kwao arobaini nzima kumkanda bintiye, na harufu ya udi wa siku zile, anasema, bado humjia hata akiwa sokoni. Kisha Yussuf akafariki, jumba likauzwa, likawa hoteli.

“Watu hunionea huruma kwa udogo wa nyumba,” anasema. “Kule nlikuwa naita ‘Zuleikha!’ mpaka koo linikauke, yeye yuko chumba cha mwisho hasikii. Hapa nikinyoosha mkono ntamgusa. Basi nataka nini tena?”

Kitu kimoja tu alikigombania wakati wa ujenzi, nacho ni bafu. Fundi alipoiona michoro ya kidole aliyochorewa mchangani, alidhani bibi amekosea. Bafu lilikuwa kubwa kuliko chumba. Bi Maisara akamwambia ajenge hivyo hivyo, kwa sababu mzazi hakandwi amejikunja, na anayekanda anahitaji pa kuzungushia viwiko. Hapo Zuleikha alikuwa hata mchumba hana.

Maji ya moto yalikuwa shughuli nyingine. Kuni zingejaza moshi kijumba kizima na kumtoa machozi mtoto mchanga. Talib, fundi wa mabomba anayehudumia nyumba za wageni, akamtafutia hita ya sola iliyotumika: boksi la kioo lenye mabomba ya shaba ndani, na tangi lake. Akaipandisha juu ya paa. Jua likafanya kazi yake bure, na kufikia adhuhuri maji yalikuwa hayashikiki.

“Siku ya kwanza nliyafungulia, nkayatazama tu yanavyotoka,” anakumbuka. “Nkampigia Zuleikha, nkamwekea simu karibu na bomba asikilize.”

Furaha hiyo haikufika mbali. Siku moja, akiwa kazini, vijana wawili waliovaa ovaroli walifika mchana kweupe. Jirani yake, Bi Wanu, alikuwa nje anachambua mchele. Walimwamkia shikamoo kwa heshima, wakamwambia wametumwa na Bi Maisara kusafisha hita. Bi Wanu, ambaye hajapata kumfukuza mtu aliyemwamkia, aliwatilia juisi ya ukwaju. Walikunywa, wakashukuru, wakafungua nati moja moja bila pupa, wakaondoka na boksi na mabomba yake yote.

“Nliwashikia na ngazi,” anasema Bi Wanu, na mpaka leo akisema anafunika uso kwa mtandio. “Na paa lenyewe ngazi halitaki!”

Bi Maisara alirudi akakuta maji yanachuruzika ukutani na bafu lake kubwa limekuwa dimbwi. Hakupiga kelele. Anasema kilichomuuma si shaba. Kilichomuuma ni kwamba habari ilifika Tumbatu kabla ya jioni, na mama mkwe wa Zuleikha, Bi Time, akauliza swali ambalo yeyote angeuliza: nyumba inayoibiwa paani mchana, mtoto mchanga atalazwaje humo?

Talib alihangaika mpaka akapata boksi jingine. Safari hii alilizungushia fremu ya chuma, akachomelea nati zote ili zisifunguke kwa spana, na mabomba akayapaka rangi ya waridi iliyokoza, ili mnunuzi wa vyuma chakavu aone haya kuyanunua. Bi Wanu naye aliweka sharti lake: hakuna atakayekanyaga kiwanja kile kwa kusema “nimetumwa” mpaka Bi Maisara apigiwe simu na kuitika mwenyewe.

Sharti hilo ndilo linalotukuta tunaporudi kutoka Jang'ombe na kwa wazazi wengine, adhuhuri imekaribia. Juani, mbele ya kijumba, mwanamke mtu mzima aliyevaa buibui amekaa juu ya kapu lake. Bi Wanu amesimama mlangoni, kifagio mkononi. Bi Maisara anamtambua mgeni, na anaharakisha hatua.

Ni Bi Time. Ametoka Tumbatu alfajiri, bila kuarifu, kuja kujionea kwa macho yake.

“Kaniambia yeye ni mkweo,” anasema Bi Wanu, hana wasiwasi. “Nkamwambia hata wale wengine walikuwa na adabu. Nakupigia simu, huitiki!”

Simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mikono ilikuwa kwenye maji.

“Shikamoo, Bi Time. Nisamehe, jamani nisamehe.”

“Marahaba,” anajibu Bi Time, akijipepea na ncha ya mtandio. “Jirani yako kanikagua mpaka kapu. Hata bandarini sijakaguliwa hivi.”

Bi Maisara anafungua mlango. Bi Time anaingia, anatazama, na hakuna pengi pa kutazama. Anapita bafuni, anafungua bomba na kutia vidole. Anavitoa upesi.

“Lahaula! Jua tu hili?”

“Jua tu.”

Bi Time anarudi chumbani na kusimama mbele ya kitanda.

“Mzazi atalala hapa na mtoto wake,” anasema taratibu. “Nimeelewa. Weye utalala wapi?”

Bi Maisara anapangusa mikono kwenye kanga yake, ingawa imekwisha kukauka.

“Bi Time, mie nshalala sana. Tangu Yussuf atangulie mbele ya haki, na Zuleikha aje kwenu, nalala mapema, naamka mapema, hakuna wa kunisumbua. Arobaini hii nataka nikae macho.”

Bi Time anakunywa chai, anasifu mandazi, anaaga. Mlangoni anampa Bi Wanu mkono, na wanawake hao wawili wanatazamana kama watu walioheshimiana.

Mchana kutwa Bi Maisara hashiki kazi ya maana. Anasema akijaaliwa, mwezi ujao hatapokea mzazi wa mtu. Mwenye dharura amletee mzazi wake Chukwani, bafu linatosha wawili. Anayasema haya huku akiitupia jicho simu, aliyoiweka mezani kifudifudi kisha akaigeuza.

Inalia baada ya magharibi. Ni Zuleikha.

“Mama, kwani kabati lako linachukua kanga ngapi? Mama wa huku ananifungia mizigo. Nikizipunguza, yeye anarudisha.”

Bi Maisara hana kabati. Hajapata kuwa nalo tangu ahamie kijumbani.

“Lete zote,” anasema.

Kisha anakata simu, anaingia bafuni, anakaa kwenye kigoda na kulia kwa sauti.