Mwani wa Getruda

Getruda wa Ruhuwiko haamini mtu. Muuza pumba akimpimia, anarudia kupima nyumbani. Miaka kumi na minane ya ujirani, na nikimpelekea togwa bado ananikagua mimi kabla ya kikombe.

Kwa hiyo Ramson, bwana mifugo aliyehamia kutoka Tanga, alipomletea chupa ya maji ya mwani kwa ajili ya kuku wake, nilijua patachimbika. Ramson alieleza kwa upole kwamba tunawapa kuku antibiotiki kila wiki, wawe wagonjwa wasiwe, mpaka magonjwa yameizoea. Mwani hautibu, alisema, ila unasaidia matumbo ya kuku yasishikwe na maradhi ovyo.

"Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza," Getruda alimwambia.

Hiyo ni desturi ya pombe, kuonyesha haina sumu. Kwa maji ya kuku sijawahi kuisikia. Ramson akanywa, akakunja uso. Getruda akaninong'oneza kwamba mtu asiye na hila asingekunywa haraka vile.

Hata hivyo alipokea. Kila asubuhi nilimwona akimimina mwani kwenye vyombo vya kuku. Nikawaza, ikiwa Getruda amekubali, mimi ni nani? Nikaacha dawa, vifaranga wangu themanini nikawapa mwani niliouomba kwa Ramson. Ugonjwa wa mdondo ulishafagia banda langu mwaka jana. Vifaranga hao ndio waliokuwa tumaini langu lote.

Wiki ya sita Ramson akaja na daftari, anachekelea. Kuku wa Getruda walikuwa wazima, na alitaka kuwaita wafugaji wote waje kujifunza kwake. Getruda akasugua mikono kwenye kitenge.

"Usiwaite. Jioni nilikuwa nawapa antibiotiki. Sikukuamini."

Damu ilinichemka. Nilimwambia mbele ya mgeni kwamba wangu wamekunywa mwani mtupu wiki zote hizo, kwa kumfuata yeye.

Ramson akaingia bandani kwangu, akahesabu. Sabini na wanane, wachangamfu. Wawili walichukuliwa na mwewe. Akatoka kufuata kalamu kwenye pikipiki.

Getruda akabaki. Alinusa maji, akaingiza mkono kwenye gunia la chakula mpaka kiwiko.

"Mwenzangu, hapa tuko wawili tu," akasema. "Uliwawekea nini?"

Nikamwambia mwani. Akatikisa kichwa, akaendelea kupekua.