Madam Alichagua Viti, Mwingine Akavikalia

Admin, nifichie jina tafadhali, huku Wakenya tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, baba wa watoto wawili. Nina miaka sita hapa Jeddah, ni dereva wa familia moja. Bosi ndiye kafili wangu, yaani mdhamini, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwake. Mkewe, tunayemwita madam, ni mama wa miaka hamsini na kitu, mpole sana.

Mwaka jana bosi alirithi nyumba ya babake kule Riyadh, katika jengo la ghorofa la zamani. Dari iko chini, madirisha ni mapana, na mbele kuna ukuta wa matofali yenye matundu ya kukata jua la jangwani. Alimwambia madam watahamia huko wao wawili akistaafu. Mimi nikatumwa kusimamia mafundi. Tulibandua zulia bovu, chini tukakuta sakafu ya terazo, tukaisugua siku nne mpaka ikang'aa.

Madam ana shida ya magoti, safari ndefu hawezi, kwa hivyo alichagua kila kitu kwa simu. Namtumia video, ananijibu. "Hiyo kijani hapana. Nataka iliyofifia, kama jikoni ya mama yangu." Ila viti vya mbao vya miguu myembamba alivitafuta mwenyewe Balad, soko la zamani hapa Jeddah, nikimshika mkono kwenye ngazi za maduka. Alikaa na fundi mpaka vikavalishwa kitambaa kipya. Nikavipakia kwa pickup, nikaendesha kutwa nzima hadi Riyadh.

Siku ya kuweka pazia, bosi aliingia na mwanamke kijana, mjamzito.

"Huyu pia ni madam wako," akaniambia. "Nimemuoa. Jeddah mafi kalam, hakuna kusema. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

Yule mwanamke hana ubaya. Alinipa maji ya baridi. Alikaa kwenye kiti kimoja, akakipapasa, akauliza, "Nani alichagua hivi vitu? Ana jicho la kuchagua."

Bosi akageukia dirisha. Mimi nikasema, "Ni fundi, madam." Kisha nikapanda ngazi nikaendelea na pazia. Sikuhisi kitu. Si hasira, si huruma. Nilikuwa kama mkono uliokufa ganzi, unauona ni wako lakini ukiugusa hauna habari.

Niwaambie kwa nini naogopa hii hali. Baba yangu alipofariki, ni madam aliyemsihi bosi mpaka nikapewa ruhusa ya kwenda kumzika. Kule makaburini alitokea mwanamke mwingine na watoto watatu wa baba. Mama alisimama tu, leso mkononi. Baadaye aliniambia, "Huyo mwanamke simlaumu. Kinachoniua ni kwamba watu walijua, wakaniacha nikipika, nikifua, nikicheka nao."

Nilijua tangu niko darasa la saba. Baba aliwahi kunipeleka kwa huyo mwanamke, nikala chakula chake, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Mpaka leo mama hajui kama nilijua.

Sasa madam ameshona mito ya vile viti kwa mikono yake. Ananiuliza kila siku, "Sebule imekaaje?" Namwambia imependeza. Jana akaniita jikoni, anacheka kama msichana.

"Alhamisi utanipeleka Riyadh. Magoti yatavumilia. Bosi wako yuko huko kikazi, usimwambie. Nataka nimshangaze."

Nikasema, "Sawa, madam." Nikatoka, nikaosha gari ambalo nilikuwa nimeliosha asubuhi.

Mke wangu nyumbani anasema, "Nyamaza, hayo ni ya kwao na dini yao inaruhusu. Ukifukuzwa watoto watakula nini?" Mwenzangu ninayekaa naye mtaa wa Hindawiyah anasema nimwambie bosi, ajipange mwenyewe. Lakini nikimwambia bosi, nitakuwa nimemsaidia kumficha madam ukweli tena. Nikimwambia madam, narudishwa Kenya. Nikinyamaza, ataingia mlangoni na mito yake mikononi, na mimi nyuma yake nimebeba mkoba.

Leo ni Jumanne. Wanaume mtaniambia nilinde kazi yangu, najua. Naomba hasa akina mama mnijibu: kama ni wewe uko kiti cha nyuma, ungetaka dereva akwambie mkiwa bado njiani, au afunge mdomo akufikishe? Nisaidieni kabla ya Alhamisi.