Ua la Mukuba Nyuma ya Nyumba Yetu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Unainama upande kama ukuta wa matofali mabichi ulionyeshewa, na makosa ya herufi hayatakosekana. Niliishia darasa la sita la msingi, na naandika polepole. Mama husema nikianza barua asubuhi, bukari, ugali wetu, inasongwa, inaliwa, sahani zinaoshwa, na mimi bado niko kwenye salamu. Lakini habari hii nimeibeba tangu mvua za mwisho, na kwa mdomo siwezi kuisimulia. Watu wakiwa wengi, sauti yangu inajificha. Mgeni akipiga hodi mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.

Ndiyo sababu nawafahamu ndege. Wako nyuma ya nyumba, na hawaulizi mtu kwa nini ananyamaza.

Tunakaa mtaa wa Panda, katika nyumba za zamani za wafanyakazi. Mbele ya lupango, yaani kiwanja chetu, mama ameweka meza ya kuuzia mikate ya kukaanga. Nyuma kuna bustani yake. Amepanda maua katika makopo ya rangi, katika mabeseni yaliyotoboka, hata katika kiti cha plastiki kilichovunjika makalio. Kuna kana nyekundu, kuna dalia, na kuna bugenvilia iliyoulalia uzio kama mtu aliyechoka. Kila Jumamosi mama anakata maua kupeleka kwenye altare ya parokia, kwa hiyo ukichuma hata moja bila ruhusa, kesi yako inakwenda mbinguni moja kwa moja.

Simu ya kupigia picha nilipewa na mjomba, mdogo wake mama, anayemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Anachimba mawe ya shaba upande wa Kambove, na mwisho wa juma anarudi kulala katika chumba chetu cha nyuma. Amezoea kuongea na watu walio chini ya shimo, kwa hiyo hata akiomba chumvi, mtaa mzima unajua chakula chetu hakikukolea. Aliponunua simu mpya, alinipa ya zamani. Kioo cha kamera kina ufa, na ufa huo unapita katika kila picha. Ndege wangu wote wanaonekana kama wamebeba ukuni.

Tena simu hiyo ni nzito kama mimi. Nikibonyeza, ndege anafikiri, anajinyoosha, anaruka, ndipo simu inapiga. Nilikuwa na picha nyingi za mikia.

Mikia mingi ni ya katyetye, yule mweusi na mweupe anayekimbia kiwanjani huku akitikisa nyuma, kama mtu wa serikali aliyekuja kukagua usafi. Kwetu hakuna anayemrushia jiwe. Wanasema akicheza mlangoni, mgeni anakuja. Kwa hiyo mimi nikimwona mlangoni, napiga picha yake haraka kisha natafuta pa kujificha. Kuna pia chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya maua. Mwaka huu alitundika kiota katika bugenvilia, akakishona kwa utando wa buibui na uzi wa kitenge cha mama. Na kuna mmoja mwenye kifua cha njano, ambaye mama anamwita jina moja kwa Kiluba, mjomba jina lingine kwa Kibemba, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hajui ndege.

Jumapili moja baada ya chakula, mjomba alinyoosha mkono.

“Leta ile telefone yangu nione.”

“Ni yangu sasa,” nilisema, kwa sauti ambayo hata mbu hangeisikia.

Alianza kutazama picha akicheka. “Mukia. Mukia. Tena mukia! Yaya, mutoto wako iko nafuga mikia!”

“Muache,” mama alijibu kutoka jikoni. “Weye unafuga vumbi.”

Ghafla mjomba akanyamaza. Mjomba kunyamaza ni jambo la kutisha, hata kuku walisimama. Alikuwa amefika kwenye picha ya ua dogo, zambarau iliyofifia, limesimama wima kama kidole. Nililikuta siku chache kabla, pembeni mwa uzio, nikalipenda kwa sababu halikukimbia.

“Hii umepiga wapi?”

Nilielekeza kwa midomo: pale, chini ya bugenvilia.

Mjomba alivua viatu kama anayeingia kanisani, akaenda, akachuchumaa. Wachimbaji wote wa kwetu wanalijua ua lile. Kwenye vilima ambako miti inakataa kuota, lenyewe linaota kwa furaha, kwa sababu linapenda udongo wenye mukuba, yaani shaba. Wakiliona wanashusha makoleo bila kuulizana.

“Funga mulango ya lupango,” alisema. Kisha akanong’ona: “Yaya, mukuba iko chini yetu!”

Nimesema alinong’ona. Mama hajamaliza hata kufuta mikono, jirani wa upande wa pili alikuwa ameshatokeza kichwa juu ya uzio.

“Mama, minye nilikuwa nawaza tu,” alisema kwa upole ambao hatujawahi kuuona. “Hii bugenvilia, shina yake si iko kwetu?”

“Tangu lini?” mama aliuliza. “Majani ikianguka kwako, unaniita nikuje kuzoa.”

“Majani ni yenu. Chini njo yetu.”

Mjomba hakumjali. Alikwishaleta baramini, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe, akaanza kupima kwa hatua. Shimo lingeanzia kwenye ua, lipite chini ya bugenvilia, lifike kwenye kana na dalia.

Nilimwangalia mama. Nilingoja amfukuze. Lakini mama alikuwa anaangalia paa la chumba chake, pale bati lilipotoboka, ambapo mvua ikinyesha anaweka beseni kitandani na kulala pembeni yake kama na mtoto.

“Maua yangu je?” aliuliza mwishoni.

“Yaya, maua utapanda fasi ingine. Altare itangoja. Kesho asubuhi naanza.”

Mama hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na mama mimi namjua: akikosa kusema hapana, jambo limepita.

Nilikwenda kwenye bugenvilia. Ndani ya kiota makinda wawili walifungua midomo, wakidhani mimi ni chakula. Nilitaka kurudi ndani na kupiga kelele kama mjomba. Nilifika mpaka mlangoni. Sauti ilifika mpaka kooni, ikageuka.

Basi nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa, nikaanza kuangalia picha zangu za zamani. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa naiaga bustani. Nikafika kwenye picha ya wakati wa kiangazi: mkia wa katyetye, kama kawaida, na nyuma ya mkia, mgongo wa mtu. Nikaikuza. Alikuwa mjomba, ameinua gunia tupu, analipiga kwenye nguzo ya uzio, na vumbi la kijani la mawe ya shaba limemzunguka kama moshi. Picha nyingine: mkia, na mjomba anaosha mawe yake katika beseni. Nyingine: mkia, na mjomba anamwaga maji yale ya kijani chini. Nguzo ni ileile, yenye msumari uliopinda. Na ua la sasa limeota chini ya nguzo hiyohiyo.

Nikakumbuka. Mama alikuwa amemfukuza kwenye sombe yake, majani ya muhogo tunayopika mboga, akamwambia vumbi la Kambove halitaingia katika sufuria yake. Ndipo mjomba alipohamia kwenye uzio. Na mimi nilikuwa nakasirika kimoyomoyo, kwa sababu kila nikimkaribia ndege, gunia linalia pwaa! Ndiyo maana nilikuwa na mikia tu. Na ua lile halikutoka chini ya nyumba yetu. Lilikuja na gunia, kama abiria.

Jioni, tulipokaa kula, niliiweka simu katikati, kati ya bukari na sombe.

“Mujomba,” nilisema. “Angalia nyuma ya mukia.”

Aliinama. “Eh! Ni minye! Kumbe mugongo yangu iko muzuri hivi?”

“Angalia chini.”

Alikuwa bado anausifu mgongo wake mama alipoichukua simu kwa mkono usio na mboga. Alitazama picha moja, akatazama nyingine. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka tonge likarudi kwenye sahani.

“Ndugu yangu, ile ua njo weye ulipanda! Mwaka muzima unacheka maua yangu, kumbe na weye uko na bustani.”

“Telefone inaweza kudanganya,” mjomba alisema. “Hii iko na ufa.”

“Ufa iko kwa kioo. Haiko kwa mugongo yako.”

Hata hivyo mchimbaji hawezi kulala bila kujua. Asubuhi mama alimruhusu achimbe shimo moja tu, upana wa beseni, mbali na mizizi ya bugenvilia. Mimi ndiye niliyewekwa kusimamia. Nilichora mstari kwa kijiti. “Hapa,” nilimwambia. “Usipite.” Nilijishangaa. Yeye pia alishangaa, maana hakupita.

Juu kulikuwa na kijani kidogo, chembamba kama vumbi la unga mezani. Chini yake udongo mwekundu. Chini yake tena mwekundu. Mjomba alilala kifudifudi akaingiza mkono mpaka begani, akautoa mwekundu.

“Munapata?” jirani aliuliza kutoka juu ya uzio.

“Tunapata udongo,” mjomba alijibu. “Unataka sehemu yako, leta beseni.”

Jirani alifikiri. “Basi bugenvilia ni yenu,” alisema. “Na majani mukuje kuzoa.”

Mjomba alisema atalifukia shimo baadaye, lakini mchana mvua ikanyesha ikalijaza. Beseni la mama liliimba kitandani kama siku zote, bati ni lilelile. Ila mvua ilipokatika, katyetye alishuka kwenye lile shimo, akaingia majini, akaanza kuoga, anajirushia maji kichwani kama mtoto asiyetaka kuitwa.

Nililala kifudifudi kwenye matope. Nyuma yangu nilisikia mjomba akitoka na magunia yake, nikafumba macho nikingoja pwaa. Haikuja. Nilipogeuka, alikuwa amesimama na gunia hewani, amebana pumzi. Nikabonyeza. Katyetye akafikiri, akajinyoosha, akaendelea kuoga.

“Umepata?” mjomba aliuliza, na safari hii ilikuwa ni kunong’ona kweli.

“Nimepata.”

Kichwa, mdomo, jicho, na ufa begani kama ukuni wake. Shimo hatujalifukia mpaka leo. Makinda wa chozi wameruka. Ua la mukuba mama amelizungushia mawe, na mgeni akiuliza nani alilipanda, anamnyooshea kidole mjomba.

Nimebaki na jambo moja, na naomba mniandikie. Yule mwenye kifua cha njano, kwenu mnamwitaje? Mama na mjomba bado wanagombana juu yake, na mimi siwezi kuwaamulia. Niambieni pia ni ndege gani anakuja nyuma ya nyumba yenu, na kama anakubali kupigwa picha yenye kichwa. Msiogope makosa. Mkiandika polepole si kitu, mimi nasoma polepole pia.