Nilimwitikia Babu Bila Kumsikiliza

Kosa ni langu, wala sina wa kumsingizia. Msichana niliyemtaka nimemwoza mwenyewe kwa mtu mwingine, kwa kinywa changu hiki.

Ilikuwa wakati wa vita, mchele ulipoanza kugaiwa kwa kipimo. Nilimpenda Mize wa hapa Mkoani, yatima aliyelelewa na babu yake. Babu alikuwa mzee sana, na maneno yake yalikwenda kwa mkongojo kama yeye. Nikajisemea, kijana akitaka mke, kwanza apate moyo wa mzee.

Basi kila baada ya alasiri nilikuwa barazani kwake. Navua viatu kule mbali, naamkia nimeinama, nambusu mkono, kisha nakaa chini na kuitikia. "Naam, babu. Ndivyo, babu. Umesema kweli, babu." Majirani wakanisifu kwa adabu, nami kichwa kikavimba.

Ukweli sikuwa nasikia hata neno. Macho yangu yalikuwa kwenye pazia la mlango, nikingoja Mize apite.

Siku moja babu alisema sana. Pazia likatikisika, nami nikalikodolea macho. Mara nikamwona babu ananitazama.

"Wasemaje, mwanangu?"

"Naam, babu. Ni rai njema kabisa."

"Una hakika?"

"Wewe ndiye mkubwa wetu, babu. Usichelewe."

Ijumaa, tulipotoka msikitini, nikasikia Mize kaposwa na mtu wa Kojani na babu keshakubali. Nilikwenda mbio, hata kuamkia nikasahau.

"Babu, Mize namtaka mimi!"

Alinitazama kwa huruma. "Si nilikuuliza? Nilikwambia kuna mtu wa Kojani kaja kumposa Mize, lakini kama wewe una haja naye, sema, mposaji nimrudishe. Ukaniambia nisichelewe."

Nilimtuma shangazi yangu kwa Mize akaniombee radhi. Akarudi na jibu: "Siku ile nilikuwa mlangoni, nikisikiliza atamjibu babu nini. Mwambie namtakia kheri."

Akaolewa, akavuka bahari kwenda Kojani. Mimi hata leo naitwa kijana mwenye adabu.

Enyi vijana wenzangu mnaoinama mbele ya wazee mpaka paji la uso liguse mkeka, masikio nayo yatumieni. Hukusikia, sema, "Babu, sikukusikia, nirejelee." Watasema huna adabu, lakini utaoa.