Maharage ya Geesje

Geesje alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini. Alipofiwa na mumewe, furaha yake ikabaki kwenye kiwanja cha bustani alichokodi hapa kwetu Assen, Uholanzi. Mwezi wa sita vidukari weusi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wakaganda kwenye ncha za maharage, na Jumamosi kamati ya bustani ingekagua viwanja.

Jirani yake Roelof akaja na bomba la sumu. "Mama, watakunyang'anya kiwanja! Tazama, mpaka vidudu hivi kama mamba wadogo vimeingia!"

"Weka chini hilo bomba, baba. Hivyo ni vibuu vya wale wadudu wekundu wenye madoa, vinakula vidukari. Unamfukuza mlinzi wako?"

Alikata ncha zilizojaa vidukari, akazitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Waliosalia akawaachia vibuu. Jumamosi mkaguzi alikuta mashina safi, yamebeba maharage. Kwa rehema za Mungu, Geesje bado analima palepale.