Meza ya Dympna Jukwaani

Kwa miaka kumi na tisa Dympna Geraghty alikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la ukumbi wa parokia ya Cloonbrack, daftari la mchezo mapajani na tochi ndogo mkononi. Kazi yake ilikuwa moja: mwigizaji akisahau maneno, yeye amnong'oneze. Kazi hiyo ilimfaa. Hakuwa mtu wa kumwona mwenzake amekwama akanyamaza.

Mwaka ule kikundi cha maigizo cha parokia kilichukua mchezo ulioandikwa na mwalimu mmoja wa hapohapo, sasa marehemu: mama, wanawe wawili, na shamba lisilowatosha wote. Malachy Beirne, daktari wa mifugo aliyekuwa mwongozaji, alitaka jiko la kweli jukwaani. Kwa desturi ya Cloonbrack vyombo huazimwa majumbani, na siku ya onyesho nusu ya watazamaji huangalia birika la nani limeletwa. Dympna akatoa meza yake ya jikoni na viti vyake vinne. Vikapakiwa kwenye trela la ng'ombe la Malachy, lililooshwa mara mbili na bado likanuka.

"Na wewe utakula wapi, Dympna?" Malachy alimuuliza.

"Nitakula nimesimama. Kwani nina mgeni gani?"

Mgeni kweli hakuwa naye. Mumewe, Packie, alikuwa ametimiza mwaka wa nane kaburini. Mwanawe wa pekee, Cathal, alikwenda Perth, Australia, kwa mwaka mmoja, na mwaka huo ukazaa mingine mitano, na mchumba, Renee. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu. Kule ilikuwa jioni. Kila Jumapili Dympna alisubiri neno moja tu: narudi. Chumba cha Cathal alikibadilishia mashuka kila mwezi, asije akarudi ghafla akalala kwenye vumbi. Lakini kumuuliza hakumuuliza. Simu ikitulia kidogo tu, aliijaza: mvua, nani kafa, nani kateguka mguu. Cathal akisema, "Mama, nilikuwa nataka kukwambia," mama yake tayari alikuwa katikati ya mazishi ya mtu.

Uzito wa mchezo ulikuwa mwishoni. Mwana mdogo anamwambia mama yake kwamba amekata tiketi ya meli. Mama hasemi kitu. Anafuta meza kwa kitambaa, kimya, kwa hesabu ya kumi, ndipo anasema, "Chukua koti. Huko nako kuna mvua." Dympna mwenyewe aliandika kwa penseli kwenye daftari: kimya, hesabu kumi.

Siku ya shindano la kwanza la vikundi vya maigizo walikwenda mji wa mbali, na ukumbi ukajaa. Assumpta Tiernan, karani wa posta aliyecheza mama, akashika kitambaa akaanza kufuta. Dympna akahesabu. Moja, mbili. Kitambaa kikapita juu ya mkwaruzo ambao Cathal aliuchonga kwa kisu cha mkate akiwa na miaka saba. Tatu, nne. Hakuna aliyekohoa. Tano. Dympna akamwona yule mama anazama na hakuna wa kumshika mkono.

"Chukua koti," akanong'ona.

Ilisikika mpaka safu ya mwisho.

Mchezo ulipokwisha, jaji alipanda jukwaani kusema maoni yake mbele ya wote, kama ilivyo kawaida ya mashindano haya. Aliwasifu waigizaji, akaisifu hata meza. Kisha akasema kwa upole, "Kuna mtu nyuma ya pazia ambaye kimya kilimtisha kuliko sisi. Angetuachia kidogo, tungejua kilikuwa na nini ndani yake." Watu wakacheka. Dympna akacheka nao, gizani.

Assumpta alimkuta nje karibu na trela.

"Miaka yote hii sijasahau neno hata moja, leo umenikumbusha kabla sijasahau."

"Nisamehe, Assumpta."

"Nimekwisha kukusamehe. Malachy ndiye anayeililia hesabu yake ya kumi, mwache alie. Ingia garini, kuna baridi."

Jumapili simu ililia. Dympna aliipokea jikoni, mgongo ukutani.

"Mama, mbona sauti yako ina mwangwi? Uko kanisani?"

"Niko jikoni. Meza imekwenda kuigiza."

"Meza yetu?"

"Na viti vyake. Imesifiwa kuliko waigizaji."

Cathal akacheka. Kisha simu ikatulia.

Ulimi wa Dympna ukanyanyuka. Alikuwa na kifo cha mzee Lohan tayari, na paa la shule lililong'olewa na upepo. Akavimeza vyote viwili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo ndio aliouzuia mlangoni miaka yote. Moja. Mbili. Macho yake yakatua sakafuni, kwenye alama nne za miguu ya meza. Sita. Saba.

"Mama," Cathal akasema, "mimi na Renee tumenunua nyumba. Tangu Septemba. Kila wiki nimejaribu kukwambia. Sirudi kuishi huko."

Dympna akashika ukingo wa sinki.

"Ina jiko kubwa?" akauliza.

"Kubwa kiasi. Umekasirika?"

"Hapana, mwanangu. Sema tu, nakusikiliza."

Cathal akasema karibu saa nzima. Ndipo Dympna akajua kwamba mwaka uliopita mwanawe alipasuliwa goti, na hakuwa amepata pa kulipenyeza neno hilo.

Jumatano alifika mapema ukumbini. Malachy alikuwa peke yake, akipanga viti.

"Mashindano yakiisha, meza hii ibaki hapahapa," Dympna akamwambia. "Iwe ya kikundi."

"Dympna, hii ni meza ya mama yake Packie."

"Najua ni ya nani. Nirudishie kiti kimoja tu."

Malachy alikuwa amezoea wagonjwa wasiosema. Hakuuliza sababu, akavigeukia viti.

"Kipi?"

"Chochote. Vyote vinafanana."

Wenzao wakaingia mmoja mmoja, wakilalamikia baridi, na mazoezi yakaanza. Dympna akakaa kwenye kigoda chake, akawasha tochi, akawafuata mstari kwa mstari. Assumpta aliposhika kitambaa, Dympna akaizima tochi.